Mwendo wa Saa Moja Hadi kwa Dada

Mama yangu yuko Tanga, na kwa miaka mingi aliamini kwamba mimi na dada yangu tunaishi mtaa mmoja. Kwake yeye Marekani ilikuwa mahali pamoja, na watu wawili waliotoka tumbo moja wakiwa mahali pamoja hawana budi kuonana. Kila nilipompigia simu, tukishamaliza salamu na habari za watoto, aliuliza, "Mwenzako umemwona leo?" Nikimwambia sijamwona, aliuliza tena kwa sauti ya chini, "Mmegombana?"

Hatukuwa tumegombana. Mimi nilikuwa Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, na dada alikuwa Houston, jimbo lilelile la Texas.

"Kutoka kwako hadi kwake ni kama Tanga na Korogwe?" mama aliniuliza siku moja.

"Ni mbali zaidi, mama. Ni kama Tanga na Dar."

Hapo alielewa, maana barabara ya Dar aliijua kwa mgongo wake. "Basi kumbe ni safari," alisema. Akafikiri. "Lakini si watu wanakwenda Dar na kurudi?"

Ni kweli wanakwenda na kurudi. Kwa gari ni mwendo wa saa nne ukijaliwa njia nyeupe. Kwa ndege haifiki hata saa moja. Ndege inapaa, mhudumu anapita na vikombe vya maji, na hujamaliza kunywa rubani anatangaza kwamba mnashuka. Mume wangu, mtu wa Mombasa ambaye kazi yake ni kuendesha lori la mizigo kutoka maghala ya Grand Prairie, hakuikubali hesabu hiyo hata kidogo. Kila dada alipokuja kututembelea walibishana.

"Shemeji, hiyo saa moja ni ya kuwa hewani tu," alimwambia. "Umesahau kwenda uwanjani, kuvua viatu, kupanga foleni, kungoja. Na ukifika upande wa pili bado una msongamano wa Houston. Mimi ninge-drive, tungefika pamoja na wewe."

"Ungefika na mgongo umekatika," dada alijibu. "Mimi nimefika na wanja wangu machoni."

Dada aliiogopa ile barabara kwa sababu ya malori. Mume wangu alichukulia hilo kama tusi dhidi ya kazi yake, na dada alilirudia kwa makusudi ili amwone akikunja uso.

Dada alikuwa amenizidi miaka minane. Yeye ndiye aliyetangulia huku, akaolewa, akazaa binti mmoja, ndoa ikavunjika, mume akarudi Dar es Salaam, yeye akabaki na mtoto wake. Alipikia harusi na hitima za watu wa kwetu na wengine wasio wa kwetu. Wahindi, Wasomali na Wanigeria walimwita, na wote walirudi. Nilipohamia Texas mimi na mume wangu, alipanda ndege akaja kukaa nasi wiki kadhaa, na kazi ya kwanza aliyojipa ilikuwa kunifundisha kuendesha gari. Huku kwetu bila gari huendi hata kununua chumvi. Alinipeleka kwenye uwanja mtupu wa kuegeshea magari, akakaa kiti cha pembeni, akashika tasbihi.

"Dada, unaniombea mimi au unajiombea wewe?" nilimwuliza.

"Naliombea gari. Kanyaga breki, mtoto."

Aliniita mtoto hata nilipoanza kuota mvi.

Alipokuja kwetu hakuja mikono mitupu. Alipenda kutuletea samaki wa kupaka, nguru katika tui zito, na kwa kuwa uwanja wa ndege haupitishi vitu vya majimaji, alimgandisha siku mbili hadi akawa jiwe, akamfunga kwa magazeti na kanga. Wakaguzi walimfungua, wakamgonga kwa kidole, wakaulizana, wakamfunga tena. Alipofika kwangu bado alikuwa ameganda. Dada alimweka juu ya meza kwa kishindo, akamgeukia mume wangu. "Haya. Nionyeshe lori litakalonifikishia samaki hivi." Mume wangu alicheka hadi akakaa chini.

Habari ya ugonjwa aliniambia katikati ya mazungumzo mengine. Tulikuwa tunazungumza kwenye simu juu ya harusi aliyokuwa aipikie, watu wengi, ukumbi mdogo, nikamwuliza atapata wapi wasaidizi. Akasema harusi hiyo ameiacha. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nina saratani ya kongosho. Wameniambia juzi. Subiri kidogo, nina kitu jikoni." Nikasikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa, maji ya bomba yakifunguliwa na kufungwa. Akarudi kwenye simu. "Upo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, na kizee mmoja alikuwa akinivuta mkono akitaka nimpeleke bafuni.

Tangu siku hiyo siku zangu za mapumziko zote zilikuwa za Houston. Mume wangu akiwa na nafasi tulikwenda kwa gari, watoto nyuma na mito yao. Asipokuwepo nilipanda ndege. Nilizoea kukaa dirishani upande wa kushoto. Mwanzoni unaona paa za nyumba za Dallas zimepangwa kama vigae, kisha maziwa ya maji ya udongo, kisha mashamba, kisha misitu ya misonobari, na tayari masikio yanaziba kwa sababu mnashuka. Nilizoea kusoma Yasini njiani. Mara nyingi sikuimaliza.

Binti yake alikuwa na miaka ishirini na kidogo, anasomea uuguzi. Kwa desturi yetu mtoto wa dada yangu ni mwanangu, na mimi kwake ni mama mdogo. Ndiye aliyenipokea uwanjani, na njiani ndiye aliyenieleza mambo ambayo mama yake hakutaka kuyaeleza: amekula nini, ametapika mara ngapi, daktari amesema nini na amenyamaza wapi. Aliyasema yote kwa Kiingereza, kwa utulivu wa watu wa kazi hiyo, macho yake barabarani. Mara moja tu, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, aliniuliza, "Mama mdogo, nikimaliza shule atakuwepo?" Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye. Taa ikawa kijani, na yeye hakuondoka hadi mtu wa nyuma alipopiga honi.

Katika ziara mojawapo dada aliniita chumbani kwake, akataka nifunge mlango. Alikuwa amekonda sana. Bangili zake alikwisha zivua kwa kuwa zilimpwaya.

"Mama umemwambia?" aliniuliza.

"Nimemwambia unaumwa tumbo."

"Mwambie ukweli. Mimi siwezi. Nikisikia sauti yake nitalia, na nikilia atataka kuja."

"Presha yake, dada."

"Presha yake itapanda zaidi akiambiwa siku moja tu, mara nimekufa. Mpe muda wa kuniombea."

Nilimpigia mama siku ileile, nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha dada, yeye amelala ameshika ncha ya mtandio wangu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Akauliza, "Yuko hapo?" Nikasema yuko. "Mwekee simu sikioni." Nikaiweka. Sikujua mama alimwambia nini, sikutaka kusikia, nilitoka nikaenda kusimama kibarazani. Niliporudi dada alikuwa amelala usingizi, na simu bado iko sikioni mwake, na mama upande wa pili anasoma Kurani.

Majira ya kuchipua yalipoingia, madaktari walisema hawana jipya la kumpa. Aliletwa nyumbani, na wauguzi wa wagonjwa wasiotarajiwa kupona wakawa wanamjia kila siku. Nilikaa naye wiki nzima. Nilirudi Arlington kwa sababu ruhusa ya kazi ilikwisha, na kwa sababu mwenyewe alinifukuza. "Nenda kawaone watoto," alisema. "Rudi Ijumaa."

Ijumaa haikufika. Jumatano asubuhi, nikiwapakia watoto siagi kwenye mkate, binti yake alipiga simu. Muuguzi alikuwa amempima mama yake, akamwambia awaite watu wake.

"Leo?" nilimwuliza.

"Leo, mama mdogo. Njoo."

Mume wangu alikuwa njiani anarudi kutoka Oklahoma na lori la kampuni, asingefika kabla ya adhuhuri. Nilimpigia. Aliniambia maneno mafupi: "Panda ndege. Usi-drive peke yako ukiwa hivyo. Watoto nitawachukua shuleni." Jirani yangu, mama wa Kikenya wa nyumba ya tatu, aliwashusha watoto shuleni, akanipeleka uwanjani. Nilipata kiti kwenye ndege iliyokaribia kuondoka. Nilivaa kanga mbili juu ya gauni nililokuwa nalo nyumbani, sikuwa na mkoba zaidi ya ule wa mkononi. Nakumbuka nilijiambia: saa moja tu. Nitamkuta.

Tuliruka vizuri. Jua lilikuwa linawaka, mbingu buluu. Karibu yangu alikaa mwanamume mkubwa, Mzungu, mwenye viatu vizito vya kazi na makovu ya moto mikononi. Alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, anakwenda kwenye mitambo ya mafuta. Alinisalimia akaniachia sehemu ya kuegemeza mkono, akafumba macho. Nami nikaanza Yasini yangu.

Tulipokaribia Houston nikahisi ndege imelala ubavu. Ikazunguka. Nikatazama nje nikaona wingu limesimama kama ukuta, chini jeusi, juu jeupe kama pamba, na ndani yake radi zikiwaka na kuzimika bila sauti. Rubani akatangaza kwamba kuna dhoruba juu ya uwanja, hakuna ndege inayoruhusiwa kutua, tutazunguka tukisubiri ipite. Aliongea kwa upole, kama mtu anayezungumzia foleni ya benki.

Tukazunguka. Jua liliingia dirisha la upande wangu, likavuka, likaingia dirisha la upande wa pili, likarudi kwangu.

Ndege za siku hizi zinakuwezesha kupokea ujumbe ukiwa hewani, lakini mimi sikujua namna ya kuunganisha. Nilibonyeza kila mahali bila mafanikio. Yule fundi alifumbua macho, akatazama simu yangu, akasema, "Niruhusu, mama." Akabonyeza mara mbili tatu, akanirudishia. Mara moja ikaingia safu ya ujumbe wa binti wa dada. Aliandika kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Mama mdogo, uko wapi?

Mama mdogo, umefika?

Nikamjibu: "Niko juu yenu. Mvua imetuzuia kushuka."

Akaandika kwamba pumzi za mama yake zimebadilika. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, alijua maana yake, na mimi nimekaa na wazee wa kutosha katika saa zao za mwisho, nilijua pia. Nikamwandikia: "Mshike mkono. Msogelee sikioni umtamkishe shahada, polepole. Usimlazimishe. Mwambie mimi niko njiani."

"Ninamsomea," akaandika.

Kisha simu ikanyamaza. Nilitazama chini. Dada yangu alikuwa mahali fulani chini ya wingu lile, katika chumba ninachokijua, pazia la kijani, birika la maji ya Zamzam kwenye meza, na kati yangu na yeye hapakuwa hata na umbali wa kutoka kwangu hadi kazini kwangu. Kama ungeweza kudondosha kitu kingeanguka karibu na paa lake. Mimi nami nikawa natamka shahada, kwa sauti sasa, sikujali nani anasikia.

Ujumbe ukaja. Binti yake aliandika kwamba mama yake amekwenda.

Nilisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nikaufunika uso kwa kanga. Yule fundi aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani. Nikamwambia, dada yangu. Akavua kofia yake, akaiweka magotini, na hakuivaa tena safari nzima.

Haikupita muda rubani akatangaza tena. Mafuta hayatoshi kuendelea kuzunguka, na dhoruba haijapita, kwa hiyo tunarudi Dallas. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma yangu akalalamikia mkutano wake. Bawa likainuka, wingu likageuka likabaki nyuma yetu, na ndege ikanyooka kuelekea kaskazini. Nilitaka kusimama niwaambie wasirudi. Niwaambie nini? Nilikaa nimefunga mkanda, ikanirudisha nilikotoka, juu ya misitu ileile, mashamba yaleyale, maziwa yaleyale.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa uwanja, bado na fulana ya kazi yenye mistari ya kung'aa. Binti wa dada alikwisha mpigia. Watoto alikuwa amewaacha kwa jirani. Hakuniuliza kama tusubiri ndege nyingine. Alinishika mabega mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Allah amrehemu shemeji yangu." Sauti ilimkatika kwenye neno shemeji. Kisha akasema, "Twende. Nita-drive mimi."

Njiani hatukuzungumza sana. Yeye aliendesha, mimi nilijibu simu. Watu wa msikiti wa Houston walikuwa tayari wameshughulikia mambo, mwili utachukuliwa, utaoshwa asubuhi, mazishi baada ya adhuhuri. Waliniuliza kama nitakuwepo kwenye kuosha. Nikasema naomba wanisubiri. Kaka yetu wa Tanga alisema yeye atakwenda kwa mama alfajiri, akishamaliza kusali, ili asiambiwe kwa simu.

Katikati ya safari tukasimama kwenye kituo cha mafuta. Nilikuwa sijalia. Tangu kwenye ndege nilikuwa mkavu, nilidhani labda nimekuwa mtu mbaya. Niliingia kununua maji, na mwanamke wa kaunta, mzee mwenye nywele za kupaka rangi, akaniambia kwa lafudhi yao ya Texas, "Karibu, mpenzi. Safari ya wapi leo?" Nikafungua kinywa nimjibu Houston, na neno halikutoka. Nililia pale mbele ya chupa za maji na peremende hadi yule mwanamke akatoka nyuma ya kaunta akanikalisha juu ya kreti. Hakuniuliza lolote zaidi. Mume wangu alinikuta hapo.

Tulipofika Houston mvua ilikuwa imekatika. Barabara zilikuwa na madimbwi, na vyura wakilia mitaroni. Binti wa dada alitufungulia mlango akiwa amevaa dera la mama yake. Lilikuwa refu kwake, amelikunja kiunoni. Nilimkumbatia, akaniegemea kwa uzito wake wote kama alivyokuwa akiniegemea utotoni anaposinzia. Aliniambia, "Nilimwambia uko njiani. Nilimwambia kwa Kiswahili. Sijui kama nilisema sawasawa."

"Ulisema sawasawa," nikamwambia.

Asubuhi tulikwenda kumwosha. Chumba kilikuwa nyuma ya msikiti, kidogo, cheupe, chenye meza ya chuma na bomba refu la maji. Tulikuwa wanne: mimi, binti yake, mwanamke wa Kizanzibari aliyezoea kazi hiyo, na mwanamke wa Kisomali ambaye dada aliwahi kumpikia harusi ya mwanawe, akaomba mwenyewe kuja. Mzanzibari alituongoza kwa sauti ya chini, upande wa kulia kwanza, tukimfunika daima kwa shuka, tukiingiza mikono chini yake. Aliyajaribu maji kwa kiwiko kama mtu anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Nilimwosha dada nywele. Zilikuwa zimeota upya baada ya dawa za saratani, fupi, laini kama za kitoto. Binti yake alimwosha miguu. Katikati ya kazi alisimama, akashika ukuta, na yule Mzanzibari akamwambia, "Toka mwanangu upumue, sisi tutamaliza." Akatikisa kichwa. Akavuta pumzi, akarudi kwenye miguu ya mama yake.

Tulimvisha sanda, tukatia kafuri, tukafukiza udi kidogo kwa kuwa chumba kile hakikuruhusu moshi mwingi. Nilimbusu kipajini. Alikuwa baridi, na harufu yake ilikuwa safi.

Makaburi ya Waislamu yako nje ya mji, uwanja tambarare wenye nyasi, barabara kuu inavuma kwa mbali. Kwetu Tanga wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko. Pale Houston walituruhusu, nasi tukasimama mbali kidogo, karibu na magari, viatu vikizama kwenye udongo wa mvua. Nilimwona mume wangu akishuka ndani ya kaburi pamoja na wanaume wengine wawili kumpokea. Hakuwa ndugu wa damu, lakini ndugu wa kiume hakuwepo, na maimamu wakamkubalia. Alipotoka alikuwa na tope hadi magotini. Hakulifuta hadi tulipofika nyumbani.

Alasiri ile nikampigia mama. Kwao ulikuwa usiku, na nyumba ilikuwa imejaa watu wa matanga, nilisikia wanawake wakisoma. Sauti ya mama ilikuwa imekwisha kwa kulia, imebaki kama ya kukwaruza.

"Ulimkuta?" aliniuliza.

"Sikumkuta, mama."

Nilimweleza. Nilimweleza ndege, wingu, kuzunguka, kurudi. Sijui alielewa kiasi gani. Hakunikatiza. 

"Nani alimwosha?"

"Mimi, mama. Na mwanawe."

"Maji yalikuwa ya uvuguvugu?"

"Ya uvuguvugu."

"Alhamdulillahi," alisema. "Hakupenda maji ya baridi."

Halafu akalia, nami nikalia, kila mtu upande wake, hadi kaka alipomchukulia simu mkononi.

Baada ya hitima nilimwomba binti wa dada aje tukae naye Arlington. Mume wangu alikwisha ondoa vitu vyake kwenye chumba kidogo. Binti alikataa kwa adabu. Shule yake ilikuwa Houston, wenzake walikuwa Houston, na aliniambia waziwazi kwamba hayuko tayari kuwa mbali na kaburi. Nilikasirika kidogo, kisha nikamwachia uamuzi wake. Mimi mwenyewe nilifikiria kuhama. Nilitafuta kazi huko, nikaitwa kwenye usaili, nikapata. Watoto walilia kuacha shule yao, mume wangu naye angelazimika kuanza upya na kampuni nyingine. Niliikataa ile kazi kwa simu, na siku nzima sikuweza kula.

Kwenye ndege sijapanda tena kwenda Houston. Si kwamba naogopa. Sitaki tu kuona jina la mji ule kwenye ubao wa uwanja wa ndege, basi. Mume wangu hutuendesha, na nikiwa peke yangu huendesha mwenyewe, malori yakinipita kulia na kushoto. Watu wa kazini huniambia ninajitesa, ndege ni saa moja tu. Huwajibu kwamba najua.

Binti yule alimaliza masomo yake. Siku ya mahafali tulikuwepo sote, watoto wangu wakipiga vigelegele hadi watu wakageuka, na mama alitazama kupitia simu ya kaka, amevaa mtandio wake wa Idi. Binti alipoitwa jina na kupanda jukwaani, aliangalia upande tuliokaa, kisha akaangalia kiti kimoja baada ya kingine kana kwamba kuna mtu amechelewa. Nilimwona. Niliinamisha uso nikatafuta kitu ndani ya mkoba ambacho hakikuwemo.

Sasa anafanya kazi katika wodi ya wagonjwa wa saratani. Nilimshauri achague wodi nyingine, ya watoto, ya wazazi. Akaniambia, "Mama mdogo, mimi najua pa kusimama kwenye chumba kile." 

Idi iliyopita alisema atakuja yeye kwetu, na atakuja kwa gari, peke yake, akitoka zamu ya usiku na kulala kidogo. Nilimsihi asubiri, mume wangu amfuate. Hakutaka. Alinipigia anatoka, na baada ya hapo sikumpigia, maana sitaki ashike simu akiwa barabarani. Nilipika pilau. Niliwaogesha watoto, nikawavika kanzu zao. Nikapanga sahani. Vyote vilipokwisha nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya nje, jua la Texas likiniunguza magoti, nikitazama kila gari linaloingia.

Mume wangu alitoka akanikuta. "Ingia ndani, mama watoto. Atafika."

"Nitaingia."

Sikuingia. Aliketi karibu yangu, tukangoja pamoja. Gari jeupe la binti lilipokunja kona, lenye vumbi na wadudu waliokufa kwenye kioo, alilisimamisha vibaya, matairi mawili juu ya nyasi. Alishuka akijinyoosha mgongo, macho mekundu ya usingizi, akasema amechoka sana na ana njaa. Nikamshika mkono nikamwambia aingie, chakula kiko mezani.